Je, Wajua? Tangawizi na Maumivu ya Hedhi

Je, wajua kwamba mwaka 2009 watafiti wa Iran walichapisha jaribio lililoipambanisha tangawizi na dawa mbili za dukani? Waliwachukua wanafunzi wa kike 150 wa vyuo, wote wenye maumivu ya hedhi, wakawagawa katika makundi matatu. Kundi moja lilimeza unga wa tangawizi uliotiwa kwenye kapsuli, la pili ibuprofeni, la tatu asidi ya mefenamiki. Hedhi ilipokwisha, nafuu ilikuwa karibu sawa katika makundi yote. Tangawizi haikushinda. Haikushindwa pia, na kwa kitu kinachouzwa kwa mafungu juu ya gunia sokoni, hilo si jambo dogo.

Dozi yao ilikuwa ndogo kuliko wengi wanavyodhani: miligramu 250 mara nne kwa siku, kwa siku tatu tangu damu ianze. Yaani gramu 1 tu kwa siku nzima. Kijiko cha chai cha unga wa tangawizi kina takriban gramu 2. Kwa hiyo tunazungumzia nusu kijiko, wala si ile sufuria ya maji makali inayomtoa mtu machozi mpaka shangazi aseme, "Kunywa, ndiyo dawa!"

Jaribio lile lilikuwa na upungufu mmoja: halikuwa na kundi la kumeza kapsuli isiyo na dawa. Mtu yeyote akiambiwa amepewa dawa huweza kujisikia nafuu kidogo, hata kama amemeza unga wa wanga. Ndiyo maana utafiti uliofuata una uzito zaidi.

Mwaka 2012, Wairani wengine waliwagawa wanafunzi 120. Nusu walipewa tangawizi, miligramu 500 mara tatu kwa siku, na nusu walipewa kapsuli za bandia bila kujua. Halafu wakapima jambo ambalo kina bibi hawakuwa na namna ya kulipima: je, wakati wa kuanza kunywa una maana yoyote? Walioanza siku mbili kabla ya hedhi, wakaendelea mpaka siku ya tatu ya damu, walipungukiwa na ukali wa maumivu na pia urefu wake. Waliosubiri damu ianze walipata nafuu ya ukali, lakini muda wa maumivu haukufupika kwa kiasi cha kutegemewa. Kama kuna jambo moja la kukata kwenye safu hii na kulibandika kwenye kabati la jikoni, ni hilo. Tangawizi hupendelea kutangulia.

Ili itangulie lazima ujue tarehe zako. Kalenda ya ukutani na kalamu vinatosha.

Je, wajua kinachouma ni nini hasa? Mwishoni mwa mzunguko, kama mimba haikutunga, homoni ya projesteroni hushuka. Utando wa ndani ya mji wa mimba huanza kubomoka na kutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizi huiamrisha misuli ya mji wa mimba ijikaze ili kuusukuma nje utando ule. Misuli ikijikaza hubana mishipa ya damu inayopita ndani yake, na nyama iliyonyimwa damu hukosa oksijeni. Ndipo inapouma. Wanawake wenye maumivu makali kwa kawaida huwa na prostaglandini nyingi kuliko wasioumwa.

Kemikali hizo hazikai mahali pamoja. Zikifika kwenye utumbo huleta kuhara, kichefuchefu na kutapika. Dada anayekimbia chooni siku ya kwanza ya hedhi hakula kitu kibaya jana. Wazee wetu waliyafunga yote haya katika jina moja, chango, na walipoona tumbo, kiuno na kichefuchefu vinakuja kwa pamoja hawakukosea: chanzo chake ni kimoja.

Mpaka miaka ya 1950, vitabu vingi vya udaktari vya Ulaya na Marekani vilisema maumivu haya yako kichwani mwa mwanamke: ana wasiwasi, hajaukubali uanamke wake, anatafuta kuhurumiwa. Mwaka 1957 mtafiti Mwingereza V. R. Pickles alitangaza kwamba ndani ya damu ya hedhi yenyewe kuna kitu kinachoikaza misuli. Kemikali ilikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kuitafuta.

Ndiyo sababu aspirini na ndugu zake husaidia. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Ibuprofeni na asidi ya mefenamiki hupita njia hiyohiyo.

Mwaka 1982 Vane alishiriki Tuzo ya Nobel na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, kwa kazi yao juu ya prostaglandini. Mwaka uleule, watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya maabara yakionyesha kwamba viambato vya tangawizi navyo huzuia kutengenezwa kwa kemikali hizo. Na mwaka uleule tena, jarida la Lancet lilitoa jaribio lililowakalisha watu kwenye kiti kinachozunguka ili wapate kizunguzungu cha safari, na unga wa tangawizi ukawasaidia kuvumilia kuliko dawa ya kawaida ya kichefuchefu. Sherehe ilifanyika Stockholm, lakini tangawizi haikualikwa.

Ila tusikimbie. Kitu kinachofanya kazi kwenye bomba la maabara si lazima kifanye hivyo tumboni mwa mtu. Mwaka 2016 mtandao wa watafiti wa Cochrane, unaosifika kwa kuchambua majaribio ya tiba bila kumwonea mtu haya, ulikusanya majaribio 27 yenye wanawake 3,101 kuhusu virutubisho na mimea kwa maumivu ya hedhi. Walikuta dalili kwamba tangawizi inasaidia, lakini wakaupa ushahidi wenyewe alama ya chini: majaribio madogo, mafupi, na mengi yakiwa ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Ukisikia mtu redioni akisema tangawizi "imethibitishwa kuponya", huyo anauza kitu.

Neno langu ni hili: kwa maumivu ya kawaida ya hedhi, kwa mwanamke mzima wa afya, tangawizi inastahili kujaribiwa kwa dhati, kwa kipimo na kwa wakati. Haistahili kudharauliwa kama uchawi wa bibi, na haistahili kupewa kazi isiyoiweza.

Je, wajua kwamba wengi huogopa tangawizi kwa kuamini "inachemsha damu" na kuongeza kutoka? Jaribio lililochapishwa mwaka 2015, nalo la Iran, liliwachukua wasichana 92 waliokuwa wakitoka damu nyingi. Waliopewa tangawizi walipungukiwa na damu ikilinganishwa na waliopewa kapsuli za bandia. Ni jaribio moja dogo, halitoshi kuandikiwa dawa, lakini linaelekea upande wa pili kabisa wa uvumi.

Damu nyingi ni kiasi gani? Kwa kawaida mwanamke hupoteza mililita 30 hadi 40 katika hedhi nzima, sawa na vijiko vya chai 6 hadi 8. Huonekana nyingi kwa sababu imechanganyika na majimaji na kusambaa kwenye pedi. Kutoka mililita 80 kwenda juu ndiko wataalamu walikokuita kwa muda mrefu kutoka damu kupita kiasi. Nyumbani hakuna anayepima mililita, basi tazama hivi: pedi inayolowa kabisa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, mabonge makubwa kuliko sarafu, au siku zinazopita 8. Hapo weka kikombe chini, nenda kituo cha afya.

Mzunguko wa siku 28 ni wastani tu. Kwa mtu mzima, kitu chochote kati ya siku 24 na 38 kimo ndani ya kawaida. Binti aliyevunja ungo juzi huweza kuyumba zaidi ya hapo, na mara nyingi miezi yake ya mwanzo haiumi sana. Maumivu huanza miezi 6 mpaka 12 baadaye, mayai yanapoanza kupevuka kwa mpangilio. Kwa hiyo mama asishtuke akisikia, "Mbona zamani sikuwa naumwa?" Anasema kweli.

Sasa twende jikoni.

Tangawizi mbichi na kavu si kitu kimoja. Ukali wa mbichi unatokana na jinjeroli. Ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ikipikwa sana, sehemu hugeuka kuwa zinjeroni, iliyo laini na yenye harufu ya biskuti. Mpishi anajua hili kwa ulimi: tangawizi ya pilau iliyokaangwa haikati koo kama ile iliyopondwa ikatiwa kwenye juisi ya miwa.

Mbichi ina maji mengi, karibu asilimia 80. Gramu 1 ya unga ni sawa na takriban gramu 5 za mbichi. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinakidhi siku nzima na kubaki.

Majaribio yote niliyoyataja yalitumia unga uliomezwa wote. Ukichemsha tangawizi kisha ukaichuja, sehemu ya viambato inabaki kwenye chujio na kutupwa. Atakaye kuwa karibu na kile kilichopimwa atie unga kwenye uji, akoroge, anywe pamoja na machicha yake. Uji wa ulezi au wa muhogo unaipokea tangawizi vizuri. Mimi napendelea wa ulezi.

Na hapa kuna jambo linalosahauliwa. Chai ya rangi ina tanini, na tanini huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Mwanamke anayepoteza damu kila mwezi anahitaji chuma kuliko mumewe. Akila maharage na mchicha halafu akashushia kwa chai kali ya tangawizi palepale, sehemu nzuri ya chuma inapita bure. Chai ingoje saa moja hivi baada ya chakula, au tangawizi ichemshwe bila majani. Ndimu, kwa upande wake, husaidia chuma kunyonywa. Basi ikamuliwe kwenye kachumbari ya mlo uleule.

Soda yenye jina la tangawizi haiingii kwenye hesabu hii. Ni sukari na gesi.

Je, wajua kwamba tangawizi haijulikani popote ikiota porini? Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, na imelimwa muda mrefu mno hata mzazi wake wa mwituni hajulikani. Ni nadra kutoa mbegu, kwa hiyo kila unayoinunua ilikatwa kutoka kwa nyingine, ambayo nayo ilikatwa kutoka kwa nyingine, maelfu ya miaka nyuma. Ndugu zake ni manjano na iliki.

Ilifika upande wetu wa dunia zamani. Tabibu Mgiriki Dioscorides, katika karne ya 1, aliandika kwamba tangawizi inatoka Arabuni na pwani ya Afrika ya Bahari ya Shamu. Pengine alichanganya shamba na bandari, maana wafanyabiashara hawakuwa na haraka ya kufichua walikoinunua. Katika Qurani imetajwa kama kionjo cha kinywaji cha peponi, sura ya 76, aya ya 17. Kwa muuza kahawa wa Zanzibar, Mombasa au Lamu, mwenye birika lake la shaba na vikombe vyake vidogo, hiyo ni sifa isiyohitaji tangazo.

Kutumia tangawizi na viungo vingine kwa hedhi ni jambo la mataifa mengi. China, msichana akilalamika tumbo huletewa maji ya moto ya tangawizi na sukari nyekundu. Indonesia wana jamu, vinywaji vyao vya mitishamba vilivyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2023, na kimoja kinachopendwa siku za mwezi ni cha manjano na ukwaju. Kwetu pwani, mzazi aliyejifungua hupewa uji wa pilipili manga, na uwatu ili maziwa yashuke. Binti aliyevunja ungo hakufundishwa na mamaye mzazi. Alikabidhiwa kwa somo wake, naye ndiye aliyemweleza usafi, vitambaa, heshima na namna ya kulilea tumbo. Mengi ya mafunzo yale yalikuwa mazuri. Mengine, kama kumfundisha mtoto kwamba maumivu ni sehemu ya uanamke na hayasemwi, ndiyo yaliyotuchelewesha.

Kukanda, kwa mfano, kulikuwa sahihi kabisa. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwafunga wanawake pedi ya joto la nyuzi 39 chini ya kitovu, wakailinganisha na ibuprofeni. Joto lilifanya kazi sawa na kidonge. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga ni tiba halali, na ukiichanganya na tangawizi hakuna linaloligombeza jingine.

Mazoezi nayo: dakika 45 mpaka 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, yalionekana kupunguza maumivu katika uchambuzi wa Cochrane wa 2019. Kuchota maji na kulima hakukuhesabiwa.

Mdalasini una majaribio machache yanayoutetea. Shamari pia. Lakini kuna aina ya mdalasini iitwayo kasia yenye kumarini nyingi, ambayo ikinywewa kwa vijiko kila siku huweza kuumiza ini. Kutia harufu kwenye pilau hakuna neno. Kuunywa kama dawa ni jambo la kufikiria mara mbili.

Je, wajua kwamba mmoja wa mimea iliyowashangaza sana wanakemia wa karne iliyopita ulitoka kwenye kikombe cha wanawake wa Kongo? Miaka ya 1960, daktari Mnorwe Lorents Gran, aliyekwenda huko na msafara wa Msalaba Mwekundu, aliona wajawazito wakinywa maji yaliyochemshwa na mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uchungu wa kuzaa. Mmea wenyewe kitaalamu ni Oldenlandia affinis. Alipoupeleka maabara, alikuta ndani yake protini ndogo inayoikaza misuli ya mji wa mimba. Kilichowaduwaza wanasayansi ni kwamba ilistahimili kuchemshwa, ilhali protini nyingi huharibika motoni. Ilichukua mpaka 1995 kulijua umbo lake: mnyororo uliofungwa mduara, hauna mwanzo wala mwisho, na katikati umejifunga mafundo. Leo zipo mamia ya protini za jamii hiyo zilizogunduliwa kwenye mimea mingine, na watafiti wanazichunguza kwa ajili ya kutengeneza dawa mpya. Wanawake wale wa Kongo hawakuwa na darubini. Walikuwa na sufuria na kumbukumbu.

Hadithi hiyo ina upande wa pili. Mmea wenye nguvu ya kuukaza mji wa mimba una nguvu ya kumdhuru aliyekosea kipimo, na kikombe hakina namba pembeni. Kwa sababu hiyo sitataja hapa majani ya "kurudisha hedhi" yanayouzwa kwa kunong'ona. Hedhi ikichelewa, swali la kwanza ni kipimo cha mimba. Mwaka 1978 msichana wa miaka 18 huko Colorado, Marekani, alifariki baada ya kunywa mafuta ya mnanaa mwitu uliosifiwa kwa kazi hiyo. Ini lake liliteketea. Mnanaa, jamani.

Tangawizi yenyewe si ya kila mtu bila kuuliza. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, anayesubiri upasuaji, mwenye mawe kwenye kibofu cha nyongo: wote wazungumze na daktari kwanza. Mwenye kiungulia atajua ndani ya nusu saa kwamba amezidisha. Mjamzito huweza kuitumia kwa kichefuchefu, ila asipite gramu 1 ya unga kwa siku bila ushauri. Na mtu mzima yeyote asizidi gramu 4. Zaidi ya hapo hatafuti nafuu, anatafuta ligi.

Dawa za dukani nazo zina masharti yake. Ibuprofeni kwenye tumbo tupu, au kwa mwenye vidonda vya tumbo, ni kujitafutia ugomvi.

Tuchepuke kidogo: wanyama wanaopata hedhi ni wachache ajabu. Binadamu, baadhi ya nyani na kima, popo wa aina chache, na sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, ambaye hedhi yake ilielezwa na watafiti wa Afrika Kusini miaka ya 1940. Mwaka 2017 Waaustralia wakaongeza panya mwenye manyoya ya miiba. Mbwa? Hapana. Damu ya mbwa hutoka anapokaribia kupandwa, si utando unaobomoka baada ya mimba kukosekana.

Kupanda tangawizi nyumbani hakuhitaji shamba. Chagua kipande kinene chenye macho yaliyovimba, kikate kila kipande kiwe na jicho moja au mawili, acha majeraha yakauke siku mbili tatu. Zika sentimita 5 chini, jicho likitazama juu, kwenye udongo uliochanganywa samadi iliyooza. Gunia la kilo 50 lililotobolewa chini linafaa kabisa. Liweke penye kivuli chepesi. Jua la mchana linaichoma majani. Maji yasituame, la sivyo itaoza kabla hujaiona. Baada ya miezi 5 au 6 unaweza kufukua pembeni na kukata changa. Iliyokomaa, yenye nyuzi na ukali, huhitaji miezi 8 mpaka 10, majani yakishageuka manjano na kulala. Wakulima wa Mamba Miamba wilayani Same, walioifanya kuwa zao lao la biashara kwenye miteremko ya milima ya Upare, watakuambia kosa la wengi ni kuwa na haraka.

Kutoka shambani turudi kwa binti aliye shuleni. Kenya iliondoa kodi ya pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa pedi bure wanafunzi wa kike wa shule za umma. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2018, ikairudisha 2019. Mjadala wote huo ni muhimu, nami niko upande wa wanaotaka kodi iondoke. Lakini pedi huzuia damu tu, haizuii maumivu. Binti mwenye pedi nzuri begini bado anaweza kulala kwenye dawati amejikunja, na mwalimu akamwandika mvivu. Shule inayotenga chumba cha kubadilishia ingeweza pia kuwa na birika la maji ya moto, chupa mbili za kukandia na kopo la unga wa tangawizi. Gharama yake si kubwa.

Zaidi ya nusu ya wanawake wanaopata hedhi huumwa siku moja au mbili kila mwezi, na wengi wao nafuu za nyumbani zinawatosha. Wengine haziwatoshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosi, ugonjwa wa nyama inayofanana na utando wa mji wa mimba kuota nje yake, humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi hukaa miaka bila kujulikana ugonjwa wao. Uvimbe kwenye kizazi nao huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Hakuna kati ya hayo yanayotibiwa kwa tangawizi, na ile kauli ya "utapona ukishazaa" si tiba ya endometriosi.

Basi mama, shangazi, mwalimu wa malezi: binti akiumwa, mpe tangawizi kwa kipimo kuanzia siku mbili kabla, mkande, na uandike kwenye kalenda kwa mizunguko mitatu. Nafuu ikija, endeleeni. Ikiwa bado anakosa shule, anatapika kila mwezi, anaumwa hata siku zisizo za hedhi, au maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, mpeleke hospitali uende naye mpaka ndani ya chumba cha daktari. Mkijibiwa kwamba ni kawaida ya wanawake, ombeni uchunguzi hata hivyo, na msiondoke bila jibu.